Deni la Rais Hulipwa na Mbunge

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali juu ya uchaguzi wa Bunge la Marekani.



Usiku wa tarehe 5 Agosti, 1993, katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington, mama mmoja aliyekuwa na miezi saba tu tangu aapishwe kuwa mbunge aliinuka kwenda kupiga kura yake. Jina lake ni Marjorie Margolies-Mezvinsky. Kabla ya kuingia katika siasa alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni. Eneo lake la uchaguzi lilikuwa nje kidogo ya jiji la Philadelphia, kwa watu wenye uwezo wao, ambao tangu mwaka 1916 hawakuwa wamempeleka Bungeni mtu wa chama cha Democratic hata mara moja. Yeye alipenya mwaka 1992 kwa tofauti ya kura zisizotimia 2,000, na watu wake aliwaeleza wazi kwamba hapendi nyongeza ya kodi.

Muswada uliokuwa mezani usiku ule ulikuwa wa bajeti ya Rais Bill Clinton, na ndani yake mlikuwamo nyongeza ya kodi. Mama huyu alikuwa amekwisha tangaza kwamba ataupinga. Lakini hesabu ya kura ilipokaribia ukingoni ikadhihirika kwamba muswada utaanguka, na pamoja nao ungeanguka urais wa mtu wa chama chake kabla haujatimiza mwaka. Rais mwenyewe akampigia simu. Akakubali. Muswada ukapita kwa kura 218 dhidi ya 216; kura moja tu ingegeuka, usingepita. Wabunge wa Republican wakaanza kumpungia mikono na kumwimbia kwaheri, Marjorie, kwaheri.

Hawakukosea. Tarehe 8 Novemba, 1994, watu wa eneo lake walimwondoa.

Sasa yafaa kumtazama mtu wa pili, wa chama kingine na wa tabia nyingine. Lincoln Chafee alikuwa Seneta wa Republican kutoka Rhode Island, jimbo lililo dogo kuliko majimbo yote ya Marekani kwa eneo la ardhi. Kiti alikishika mwaka 1999 baada ya baba yake, Seneta John Chafee, kufariki, na mwaka uliofuata wananchi wakamthibitisha kwa kura. Mwezi wa Oktoba, 2002, Seneti ilipompa Rais George W. Bush idhini ya kuivamia Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23, Seneta mmoja tu wa Republican alisema hapana, naye ni Chafee. Alipinga punguzo la kodi la mwaka 2001 na la mwaka 2003. Mwaka 2004 alikataa hata kumpigia Bush kura ya urais, akaandika kwenye karatasi yake jina la baba yake Bush. Mapema mwaka 2006 Seneti ilipompigia kura Samuel Alito, aliyependekezwa na Rais kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi, Seneta pekee wa Republican aliyempinga alikuwa huyo huyo.

Wananchi wa Rhode Island hawakuwa wakimpenda Bush. Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba Seneta aliyemkatalia Bush mara zote hizo angebebwa juu juu. Mnamo tarehe 7 Novemba, 2006, waandishi wa habari waliwauliza wapiga kura wa jimbo lile walipokuwa wakitoka vituoni, na zaidi ya nusu yao wakasema wanaridhika na kazi ya Chafee. Hata hivyo walikuwa wametoka kumwangusha.

Mmoja alimkubalia Rais wake, mwingine alimkatalia wake. Wote wawili walipoteza viti, na wote wawili katika uchaguzi ule ambao Wamarekani huufanya katikati ya kipindi cha Rais, yaani miaka miwili baada ya kumchagua na miaka miwili kabla ya kumrudia. Swali la leo ni hilo: ikiwa utii haumwokoi mbunge, wala ukaidi haumwokoi, basi ni nini hasa kinachomwangusha?

Jawabu linalotolewa upesi, na ambalo wabunge walioshinda hulipenda, ni kwamba aliyeshindwa alikuwa mvivu, au mla rushwa, au alisahau kwao. Wako watu wa namna hiyo, tena wasiokuwa wachache. Dan Rostenkowski wa Chicago, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kodi na mmoja wa wakubwa wa Bunge zima, alishitakiwa mahakamani mwezi wa Mei, 1994, kwa matumizi mabaya ya fedha za umma, na Novemba akashindwa na mtu ambaye hakuna aliyemjua. Spika Tom Foley wa jimbo la Washington alikuwa na miaka 30 Bungeni. Wananchi wa jimbo lake walipopitisha kwa kura, mwaka 1992, sheria ya kuweka kikomo cha miaka ya mbunge, Foley alijiunga na kesi ya kuipinga, na wapinzani wake wakapata neno jepesi kuliko yote la kusema: kwamba huyu anawashitaki wapiga kura wake mwenyewe. Akaanguka mwaka 1994. Spika aliyewahi kukutwa na jambo kama hilo kabla yake alikuwa Galusha Grow, mwaka 1862, wakati Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini jawabu hilo halistahimili hesabu. Mwaka 1994 wabunge 34 wa Baraza la Wawakilishi waliokuwa wakitetea viti vyao waliangushwa katika uchaguzi mkuu wa Novemba, na wote 34 walikuwa wa Democratic, chama cha Rais Clinton. Wa Republican hakuanguka hata mmoja. Mwaka 2006, Rais akiwa Bush wa Republican, waliangushwa 22, na safari hii wote walikuwa wa Republican. Wa Democratic hakuanguka hata mmoja. Je, yawezekana kwamba mwaka 1994 wavivu na wala rushwa wote walijikusanya katika chama kimoja, kisha miaka 12 baadaye wakahamia chama cha pili, wakahama bila kumwacha hata mwenzao mmoja nyuma? Mwalimu yeyote wa hesabu angeirudisha karatasi hiyo kwa mwanafunzi. Kosa linalofuata chama cha Rais popote Rais aendapo haliwezi kuwa kosa la mbunge. Ni la Rais, au lahesabiwa kuwa la Rais, naye mbunge hulipa.

Katiba yao ndiyo iliyoweka mambo hivyo. Waliokaa Philadelphia mwaka 1787 kuitunga waliogopa kuyaweka mamlaka yote katika mkono mmoja, wakamtenga Rais na Bunge. Rais akapewa miaka minne. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, ambao siku hizi ni 435, wakapewa miaka miwili miwili. Maseneta wakapewa miaka sita, na kila baada ya miaka miwili theluthi yao hurudi kwa wananchi. Bunge la Uingereza laweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani naye. La Marekani haliwezi kumwondoa Rais ila kwa kumshitaki kwa makosa makubwa, na njia hiyo haijapata kumtoa Rais hata mmoja madarakani. Basi mwananchi wa Ohio au Georgia aliyekasirishwa na bei ya petroli, au na vita, au na kodi, afanye nini mwaka wa pili? Jina la Rais halimo katika karatasi ya kura. Lililomo ni jina la mtu wa chama chake. Mkono humfikia aliye karibu.

Ndiyo sababu tarehe za maanguko makubwa ni tarehe za misiba ya Marais. Mwaka 1894, mwaka mmoja baada ya mabenki kuanguka na viwanda kufungwa, chama cha Rais Grover Cleveland kilipoteza viti zaidi ya 100 katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1938, uchumi ulipodidimia tena, hata Franklin Roosevelt, aliyeshinda kwa kishindo miaka miwili kabla, alipoteza viti zaidi ya 70. Mwaka 1974 Rais Richard Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti kwa kashfa ya Watergate, na tarehe 8 Septemba aliyemrithi, Gerald Ford, akamsamehe makosa yote. Novemba wabunge wa Republican wakavuna walichokipanda wengine, na viti zaidi ya 45 vikaondoka.

Kuna jambo la pili, na huenda ndilo lililo gumu zaidi kueleweka kwa mtu anayeyatazama mambo haya kutoka mbali. Sehemu kubwa ya viti vinavyopotea ni viti vilivyoazimwa. Mwanazuoni Angus Campbell alilieleza jambo hili mwaka 1960, na mtu wa pwani atalielewa bila kitabu. Wakati wa bamvua maji hupanda mpaka mahali ambapo si pake, na huibeba mitumbwi hadi chini ya minazi. Maji yakirudi, mitumbwi hubaki juu ya mchanga. Mwaka wa uchaguzi wa Rais ni bamvua. Watu ambao kwa kawaida hawapigi kura hutoka, humpigia Rais anayewavutia, na kwa karatasi ile ile humpigia mtu wa chama chake. Miaka miwili baadaye hawatoki tena. Mwaka 2008, Barack Obama alipochaguliwa, walipiga kura takriban asilimia 62 ya wenye haki ya kupiga. Mwaka 2010 asilimia 41 hivi. Mwaka 2014 ilishuka chini ya asilimia 37, ikawa ndogo kuliko yoyote tangu mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Na wanaobaki nyumbani aghalabu ni wale walioridhika kiasi. Mtu mwenye hasira hahitaji kukumbushwa siku ya kupiga kura.

Bunge lililochaguliwa pamoja na Obama lilikuwa na wabunge karibu 50 wa Democratic waliotoka katika maeneo ambayo Obama mwenyewe alishindwa na John McCain. Hao walikuwa mitumbwi chini ya minazi. Tarehe 2 Novemba, 2010, chama cha Rais kilipoteza viti 63, na vingi vya viti hivyo karibu 50 vilikuwamo.

Mwaka huo wa 2010 wafaa kukaliwa kidogo, kwa maana ndani yake wabunge walijaribu kila dawa. Jambo lililowachoma watu lilikuwa sheria ya matibabu ya Obama, iliyopita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 21 Machi kwa kura 219 dhidi ya 212. Wabunge 34 wa chama cha Rais waliipinga, wengi wao wakiwa na hofu ya Novemba. Ike Skelton wa Missouri alikuwa Bungeni tangu mwaka 1977 na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya majeshi. Aliipinga sheria ile. Akaanguka. Gene Taylor wa Mississippi, aliyekuwa Bungeni tangu mwaka 1989, aliipinga pia, na akaongeza kuwaambia watu wake kwamba mwaka 2008 alimpigia kura McCain wala si Obama. Mbunge angeweza kujitenga na Rais wake zaidi ya hapo kwa njia gani? Naye akaanguka. Upande wa pili alikuwapo Tom Perriello wa Virginia, kijana wa kipindi kimoja, aliyeiunga mkono sheria bila kumung'unya maneno. Obama alikwenda kumsimamia kampeni siku chache kabla ya kura. Perriello naye akaanguka.

Haina maana kwamba kura ya mbunge haina uzito wowote. Wako kati ya wale 34 waliopona, na yumkini wako walioisifu sheria wakapoteza kwa ajili yake kiti ambacho kingeweza kubaki. Lakini aliyetazamia kwamba kura moja ya hapana itamtoa katika jina la chama chake alijidanganya. Mcheza na tope humrukia, na mwenye kuangalia kwa mbali hawezi kupambanua nani alilikanyaga na nani alirushiwa.

Miaka minane baadaye mambo yakajirudia kwa chama cha pili, kana kwamba mtu aligeuza nguo ndani nje. Tarehe 4 Mei, 2017, Baraza la Wawakilishi, likiongozwa na Republican, lilipitisha kwa kura 217 dhidi ya 213 muswada wa kuifuta ile ile sheria ya Obama. Barbara Comstock wa Virginia, ambaye eneo lake lilikuwa karibu na jiji la Washington, aliupinga. Mike Coffman wa Colorado aliupinga pia, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha waahidi watu wake kwamba atasimama mbele ya Donald Trump itakapolazimu. Tarehe 6 Novemba, 2018, Republican ikapoteza viti takriban 40, na viti vya wawili hao vikiwamo. Kesho yake Trump aliitisha mkutano wa waandishi wa habari, akawataja mmoja mmoja kwa majina wabunge wa chama chake waliojitenga naye na kushindwa, akiwadhihaki kwamba laiti wangemkumbatia wangepona.

Maneno hayo yalikuwa ya kikatili, na pia hayakuwa ya kweli. Waliomkumbatia katika maeneo ya namna ile walianguka vile vile. Lakini yalikuwa na mafunzo kwa waliobaki, na waliobaki waliyasikia.

Kwa sababu mbunge wa Marekani hupigiwa kura mara mbili katika mwaka mmoja. Kwanza hupambana na wenzake wa chama kile kile, katika uchaguzi wa ndani wa kumpata mgombea. Kisha hupambana na chama cha pili. Chafee mwenyewe, kabla ya kushindwa Novemba, ilimbidi Septemba ile apambane na Steve Laffey, meya wa mji wa Cranston, aliyemshutumu kwamba si Republican wa kweli. Alimshinda kwa shida, tena kwa msaada wa wakubwa wa chama mjini Washington, ambao hawakuwa wakimpenda Chafee ila walijua kwamba Laffey hawezi kukitetea kiti kile. Liz Cheney wa Wyoming, binti wa aliyekuwa Makamu wa Rais, hakupata nafasi ya kufika Novemba. Mwezi wa Januari, 2021, wabunge 10 wa Republican walipiga kura pamoja na Democratic kumshitaki Trump kwa ajili ya ghasia za tarehe 6 Januari. Uchaguzi wa mwaka 2022 ulipokwisha, wanne kati ya 10 walikuwa wamekwisha kuamua kutogombea, wanne, Cheney akiwa mmojawapo, walikuwa wameangushwa na watu wa chama chao, na wawili tu ndio waliorudi.

Hapa ndipo madhara yalipo, na ndiyo maana mambo haya si ya kuchekwa kama mchezo wa mpira wa watu wa mbali. Maji ya katikati ya kipindi hayawafikii wote sawasawa. Mbunge mkali kupita kiasi, anayetoka mahali ambapo chama chake hupata asilimia 70 ya kura, hukaa pakavu. Maeneo ya namna hiyo ni mengi, na mengine yamekatwa makusudi na mabunge ya majimbo, ambayo mahali pengi ndiyo huchora upya mipaka baada ya sensa ya kila miaka 10. Anayeloa ni yule wa mahali pa mchanganyiko, ambaye kila siku inamlazimu kuzungumza na watu wa pande zote mbili, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo alikuwa na tabia ya kukataa amri za chama chake. Comstock na Coffman waliondoka. Waliobaki katika safu zao ni wale ambao hawakuwa na haja ya kumkataa Rais. Skelton na Taylor waliondoka. Democratic waliobaki walikuwa wa miji mikubwa. Kila uchaguzi wa aina hii hulifagia daraja lililo kati ya vyama viwili, kisha Wamarekani hustaajabu kwamba Bunge lao halipitiki.

Na bado haitakuwa haki kumwita mpiga kura wa Rhode Island mjinga. Yeye alikuwa ameelewa jambo ambalo Chafee hakutaka kulikubali. Kura ya kwanza ya Seneta si ya vita wala ya kodi. Ni ile inayoamua nani ataongoza Seneti na nani atakalia viti vya kamati, na katika kura hiyo Chafee alihesabiwa pamoja na chama chake. Sheldon Whitehouse, aliyemshinda, hakuwa na haja ya kumtukana. Hoja yake kubwa ilikuwa moja: kwamba mtu mwema huyu, kwa kukaa tu mahali alipo, ndiye anayekiwezesha chama cha Bush kuendelea kuishika Seneti. Hesabu ilimtetea. Uchaguzi ulipokwisha Seneti iligawanyika 51 kwa 49. Laiti Rhode Island ingembakiza Seneta wake mpendwa, ingekuwa 50 kwa 50, na kura ya kuvunja usawa ilikuwa ya Dick Cheney, Makamu wa Rais Bush. Waliomwangusha mtu waliyemridhia walijua walichokuwa wakikifanya.

Zimekuwapo nyakati ambapo deni halikudaiwa. Tangu mwaka 1934 hadi mwaka 2022 ni mara tatu tu chama cha Rais kilitoka katika uchaguzi huu na viti vingi zaidi katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1934 Roosevelt alikuwa katikati ya kuwatoa watu katika njaa. Mwaka 1998 Republican walikuwa katika harakati za kumshitaki Clinton kwa mambo ambayo wananchi wengi hawakuona kuwa yanatosha kumtoa Rais. Mwaka 2002 majivu ya New York yalikuwa bado hayajapoa. Mwaka 2022 nao ulikaribia: Joe Biden alikuwa na mfumuko wa bei begani, na kila mtu alitazamia chama chake kisombwe, lakini kikapoteza viti 9 tu, na hakuna Seneta hata mmoja, wa chama chochote, aliyetetea kiti chake akashindwa. Mahakama Kuu ilikuwa imeiondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba tarehe 24 Juni mwaka ule, na mara moja hasira zikawa na anwani mbili. Katika nyakati hizi zote, isipokuwa labda ile ya Roosevelt, waliookoka hawakuokoka kwa kazi yao zaidi ya walivyoanguka wengine kwa makosa yao.

Msikilizaji wa Tanzania atakumbuka kinyume cha mambo haya. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, Rais Julius Nyerere alithibitishwa kwa zaidi ya asilimia 96 ya kura, na siku zile zile Paul Bomani, Waziri wake wa Fedha, alishindwa Mwanza. Wagombea wawili, wote wa chama kimoja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, walisimama mbele ya wananchi wale wale waliokuwa wakimkubali Rais, na mmoja akakataliwa. Chama hakikuwa na la kumsaidia wala la kumponza, kwani kilikuwa cha wote wawili. Utaratibu ule ulikuwa na mapungufu yake, na kubwa ni kwamba haukumpa mwananchi njia ya kuikataa serikali yenyewe hata kama angetaka. Ila mbunge aliyeanguka alijua kwamba aliyekataliwa ni yeye. Mmarekani aliyeanguka mwaka 1994 au 2010 alirudi nyumbani asijue kama watu wake wamemkataa yeye, au chama chake, au mtu wa Ikulu ambaye hata hakuwa mgombea.

Wala isisahauliwe kwamba hata katika miaka hiyo ya mafuriko, wengi sana hupona. Mwaka 2010, uliokuwa mbaya kuliko yote kwa miongo mingi, zaidi ya wabunge wanane katika kila 10 waliotetea viti vyao walirudi. Wanaoamua Bunge liwe mkononi mwa nani ni wale wachache wa mahali pa mchanganyiko, na hao ndio hulipa deni zima.

Newt Gingrich alilijua hilo kuliko wenzake. Septemba, 1994, aliwakusanya wagombea zaidi ya 300 wa Republican mbele ya jengo la Bunge, wakatia sahihi waraka mmoja wa ahadi, ili mpiga kura wa Idaho na wa Georgia wasahau visima na barabara za kwao na wafikirie jambo moja tu: Clinton. Wiki sita baadaye Democratic ilipoteza viti 54 na Baraza la Wawakilishi ililolishika mfululizo kwa miaka 40. Margolies-Mezvinsky alikuwa mmoja wa wale 34. Alijaribu kurudi miaka 20 baadaye, mwaka 2014, akashindwa katika uchaguzi wa ndani wa chama chake.

Bajeti ile aliyoiokoa kwa kura yake iliendelea kufanya kazi bila yeye. Clinton alichaguliwa tena mwaka 1996. Mwaka 1998 hazina ya serikali ya Marekani ilipata ziada, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1969, na wachumi wengi waliitaja sheria ya mwaka 1993 miongoni mwa sababu zake. Kiti cha eneo lile la nje ya Philadelphia kilikuwa kikikaliwa wakati huo na Jon Fox wa Republican, chama ambacho hakikutoa hata kura moja kwa bajeti hiyo.